Usiulize ni wangapi tu, uliza pia wana umri gani

Msomaji, hebu simama asubuhi moja kando ya barabara kuu pale Malaba utazame watu wanaopita. Utawaona madereva wa malori wakingoja karatasi zao za forodha, makanga, wabadilishaji pesa, akina mama wa nafaka na samaki, na vijana wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa katika mpaka huu huu wa Kenya na Uganda. Sasa jiulize: wazee wa miaka 70 wako wapi? Watoto wa miezi mitatu wako wapi? Wapo, lakini wako nyumbani. Mpakani huja mwenye nguvu ya kutafuta.

Ukiwapima watu wote wa umati huo, utapata jawabu la kweli kuhusu umati huo. Lakini ukilichukua jawabu hilo na kusema, "Hivi ndivyo afya ya watu wa Busia ilivyo," utakuwa umekosea sana.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona. Madereva walipimwa Malaba na Busia, na misururu ya malori ikawa mirefu kupita kiasi. Madereva hao karibu wote walikuwa wanaume wenye umri wa kufanya kazi. Wengi waliopatikana na virusi hawakuwa hata wagonjwa. Mtu aliyetazama hesabu zao peke yake angeweza kudhani kwamba maradhi hayo ni mepesi. Kumbe kila mahali duniani waliokufa kwa wingi walikuwa wazee, na wazee hawakuwa kwenye foleni ya malori.

Somo letu la leo ni hilo. Idadi ya wagonjwa au ya vifo, ikitolewa bila kutaja umri, ni habari nusu. Ni hivyo kwa watu, kwa ng'ombe, na hata kwa mbu.

Kosa la miezi sita

Tuanze na mtoto mmoja. Tuchukulie kwamba mama amemleta binti yake zahanati. Mtoto anapimwa uzani: kilo 7.8.

"Mama, mtoto ana umri gani?" muuguzi anauliza.

"Ni wa mwaka mmoja hivi, daktari."

Kwa msichana wa miezi 12, kilo 7.8 si uzani mkubwa, lakini bado uko ndani ya mipaka ya kawaida. Muuguzi anaandika, na mama anarudi nyumbani. Lakini ikiwa kwa kweli mtoto huyo amefikisha miezi 18, mambo yanabadilika. Kulingana na vipimo vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miezi 18 anatakiwa awe na angalau kilo 8.1; chini ya hapo anahesabiwa kuwa na uzani pungufu. Mtoto yule yule, mizani ile ile, lakini neno "hivi" limeficha njaa yake kwa miezi sita.

Ikiwa umri wa mtoto mmoja unaweza kugeuza maana ya kipimo, fikiria umri wa watu elfu kumi.

Hesabu ya sehemu mbili

Chukua karatasi na kalamu. Tuchukulie kuna sehemu mbili, kila moja ikiwa na watu 10,000. Ya kwanza ni mtaa wa mjini karibu na forodha, uliojaa vijana waliokuja kutafuta riziki. Ya pili ni lokesheni ya mashambani ambako vijana wengi wameondoka, wakabaki wazee na watoto. Hesabu hizi ni za mfano tu.

Mtaa wa mjini kwa mwaka mmoja:
Chini ya miaka 5: watu 1,000, vifo 30.
Miaka 5 hadi 49: watu 8,500, vifo 34.
Miaka 50 na zaidi: watu 500, vifo 20.
Jumla ya vifo: 84.

Lokesheni ya mashambani kwa mwaka mmoja:
Chini ya miaka 5: watu 2,000, vifo 40.
Miaka 5 hadi 49: watu 6,000, vifo 18.
Miaka 50 na zaidi: watu 2,000, vifo 60.
Jumla ya vifo: 118.

Ukitazama jumla peke yake, utasema mashambani ndiko kubaya zaidi, na dawa zipelekwe huko. Lakini sasa gawanya vifo kwa watu wa kila rika. Mjini wanakufa watoto wadogo 30 kwa kila 1,000. Mashambani ni 20. Mjini wanakufa watu wa rika la kati 4 kwa kila 1,000. Mashambani ni 3. Mjini wanakufa wazee 40 kwa kila 1,000. Mashambani ni 30. Katika kila rika, bila kubakisha hata moja, mjini ndiko kubaya!

Imekuwaje basi jumla ikasema kinyume? Ni kwa sababu mashambani kuna watu wengi zaidi wa marika yanayokufa kwa urahisi kila mahali, yaani watoto wadogo na wazee. Mjini kumejaa vijana, na kijana hafi upesi hata mahali pabaya.

Wataalamu huondoa udanganyifu huu kwa njia rahisi. Huuliza: kama mashambani kungekuwa na viwango vya vifo vya mjini, wangekufa wangapi? Watoto 2,000 kwa kiwango cha 30 ni vifo 60. Watu 6,000 kwa kiwango cha 4 ni vifo 24. Wazee 2,000 kwa kiwango cha 40 ni vifo 80. Jumla ni 164, si 118. Sasa ukweli umejitokeza.

Usidhani huu ni mchezo wa darasani. Japani kila mwaka hufa watu zaidi ya 12 kwa kila 1,000, idadi ambayo ni kubwa kuliko ya Kenya. Je, Mjapani ana afya mbaya kuliko Mkenya? Hata kidogo. Mjapani hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 80. Nchi yao imejaa wazee, ilhali katika sensa ya mwaka 2019 karibu watu 4 kati ya kila 10 nchini Kenya walikuwa chini ya miaka 15.

Malaria na rika lake

Kila ugonjwa una rika unalolipenda. Busia imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haikauki mwaka mzima. Katika sehemu kama hizi, mtoto mchanga huwa na kinga kidogo aliyoipata kwa mama yake. Kinga hiyo hupungua, na kuanzia karibu miezi sita hadi miaka mitano ndipo malaria humwua mtoto kwa wepesi. Akivuka hapo, mwili umekwisha kujifunza kupigana. Mtoto wa shule anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu yake na bado akacheza kandanda.

Ndiyo maana chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini mwezi Septemba mwaka 2019 katika baadhi ya sehemu za magharibi ya Kenya, Busia ikiwemo, ilipangwa ianze mtoto akifikisha miezi 6. Haikuanza shuleni, ingawa watoto wa shule ndio aghalabu hupatikana na vijidudu kwa wingi. Ukitafuta wenye vijidudu, nenda shuleni; ukitafuta wanaokufa, nenda kwa watoto wadogo. Mtu asiyetenganisha marika atapeleka kinga mahali pasipofaa.

Ndama wa Busia

Mfugaji, usifunge gazeti. Zizi lako nalo lina marika.

Kuanzia mwaka 2007, watafiti wa mradi ulioitwa IDEAL waliwafuata ndama 548 wa ng'ombe wa kienyeji katika eneo la Busia na sehemu jirani. Kila ndama aliandikwa akiwa bado wa siku chache, akatembelewa tena na tena hadi wiki ya 51. Kiwango cha vifo kilikuwa kama ndama 16 kwa kila 100 kwa mwaka. Katika vifo vilivyoletwa na maradhi ya kuambukiza, karibu 40 kwa kila 100 vilitokana na ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikio.

Watafiti hao wangeweza kuhesabu mizoga ya ng'ombe wote kwa jumla, na vifo vya ndama vingezama ndani ya zizi kubwa. Ng'ombe wa kienyeji mzima hafi kwa ndigana kali mara nyingi, kwani aliugua akiwa mdogo, akapona, na kinga ikabaki. Mwenye kuhesabu kwa jumla angesema ndigana si tatizo kubwa. Mwenye kutenganisha ndama na ng'ombe wazima anaona mara moja palipo na hatari.

Sasa geuza mambo. Ukiona ng'ombe wazima wanaangushwa na ndigana kali, jiulize walitoka wapi. Ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa sehemu isiyo na kupe hana kinga hata kidogo. Ana umri wa ng'ombe mkubwa lakini mbele ya ugonjwa huo ni ndama. Mwite daktari wa mifugo kabla ya kumleta, wala usingoje aanguke.

Kuna maradhi mengine yanayokwenda kinyume. Mbung'o, anayeeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, hupenda kumwuma mnyama mkubwa kuliko ndama. Anayepima ndama peke yao anaweza kutangaza kwamba boma halina nagana, ilhali imejificha katika damu ya fahali wa kulimia na ng'ombe wazee.

Mbu mzee ndiye adui

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba hata umri wa mbu una maana. Mbu jike akinyonya damu ya mgonjwa wa malaria leo, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vijidudu hukua ndani yake kwa siku kama 10 hadi 14 ndipo vifike kwenye mate yake. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hivyo, malaria huletwa na mbu wachache waliozeeka, si na mbu wote wanaolia masikioni mwako.

Tufanye hesabu tena. Mbu 1,000 wamenyonya vijidudu. Kama kila siku mbu 90 kati ya 100 huamka wazima, basi baada ya siku 12 watakuwa wamebaki mbu kama 282 wenye uwezo wa kuambukiza. Sasa weka vyandarua vyenye dawa, au nyunyizia kuta, ili kila siku waamke 70 tu kati ya 100. Baada ya siku 12 watabaki mbu 14 hivi. Walioanza ni wale wale 1,000, lakini waliobaki kuwa hatari wamepungua mara 20! Mwanasayansi Mwingereza George Macdonald ndiye aliyeonyesha kwa hesabu, katika miaka ya 1950, jinsi maisha ya mbu mzima yalivyo na uzito katika malaria.

Umri wa mbu hujulikanaje? Wataalamu humpasua chini ya hadubini na kutazama mifuko yake ya mayai. Mbu ambaye hajawahi kutaga, vijiripu vyake vya hewa huwa vimejikunja. Akishataga hunyooka wala havijikunji tena.

Basi usimsikilize jirani anayekuambia, "Chandarua hakina kazi, mbu bado wapo." Mbu wanaweza kuwapo, lakini wakawa ni vijana.

Minyoo shuleni na nyumbani

Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule 75 za msingi katika tarafa za Funyula na Budalangi. Uchunguzi wa mwanzo ulionyesha kwamba wanafunzi 92 kwa kila 100 waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Mpango huo umejulikana duniani kote. Kuwaanzia watoto wa shule kulikuwa na sababu, kwani kichocho na minyoo mikubwa ya tumbo hujaa zaidi katika rika hilo.

Lakini safura ina tabia yake. Huongezeka kadiri mtu anavyokua, na watu wazima hubaki nayo. Mtoto akipewa dawa shuleni huenda akaambukizwa tena na udongo uliochafuliwa na wakubwa wake. Hilo lilipimwa Kwale, katika utafiti wa TUMIKIA wa mwaka 2015 hadi 2017. Pale ambapo watoto peke yao walipewa dawa mara moja kwa mwaka, wenye safura walipungua kutoka 18.6 hadi 13.8 kwa kila 100. Pale ambapo watu wa kila umri walipewa, pia mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka 17.9 hadi 8. Kwa hivyo, dawa ya safura ikiletwa nyumbani kwako, baba usiseme, "Hiyo ni ya watoto."

Umri hujulikanaje?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 Wakenya walihesabiwa, na kaunti ya Busia ikapatikana na watu 893,681. Kila mmoja aliulizwa umri wake. Hapo ndipo pana taabu, kwa maana watu hupenda kukadiria. Anayekaribia 50 husema 50, na anayepita 60 kidogo husema 60. Wataalamu hulijua jambo hili wanapoona miaka inayoishia kwa 0 na 5 ina watu wengi mno kuliko miaka ya jirani.

Kwa mzee asiye na cheti, dawa ni kuuliza matukio. Je, uhuru ulipopatikana mwaka 1963 ulikuwa umeanza shule? Mzee Kenyatta alipofariki mwaka 1978 ulikuwa umeoa? Huku mpakani kuna alama nyingine: Wahindi walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, na Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979. Ukiuliza maswali mawili au matatu ya namna hiyo, utaukaribia umri wa kweli.

Ng'ombe naye mtazame kinywani. Meno mawili ya kwanza ya ukubwani hutokea mbele akiwa na takriban miaka miwili au zaidi kidogo. Jozi zote nne zikitimia, amefika kama miaka minne au mitano. Baada ya hapo meno huzidi kulika tu, na umri hukisiwa kwa kuchakaa kwake.

Ufanye nini?

Kwanza, mwandikishe mtoto mara tu anapozaliwa, na utunze kijitabu cha kliniki. Ukiulizwa umri wake usijibu kwa kukisia, toa kijitabu. Ukikipoteza, taja mwezi na sikukuu aliyozaliwa karibu nayo.

Pili, ikiwa umechaguliwa kuhudumia afya kijijini, usiandike "watu watatu wamekufa." Andika mtoto wa miezi 9, mama wa miaka 31, mzee wa miaka 78. Vifo vitatu vya wazee na vifo vitatu vya watoto wachanga ni vilio viwili tofauti, na msaada wake ni tofauti.

Tatu, mfugaji nunua daftari. Andika siku ya kuzaliwa kwa kila ndama, na akifa andika amekufa akiwa na wiki ngapi.

Nne, ukisikia katika redio kwamba ugonjwa fulani umeua watu kadhaa, usishtuke wala usipuuze kabla hujauliza swali moja: walikuwa na umri gani?

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wetu, kama mjini kungekuwa na viwango vya vifo vya mashambani, wangekufa wangapi? (Jawabu: 20 + 25.5 + 15, yaani karibu 61 badala ya 84.)

2. Kwa nini kupima wanaovuka mpaka peke yao hakuonyeshi afya ya kaunti nzima? (Jawabu: wanaovuka ni wa rika moja zaidi, nao wana nguvu za kusafiri.)

3. Chandarua kinawezaje kupunguza malaria hata kama mbu bado wanasikika? (Jawabu: wachache zaidi huishi hadi siku ya kuweza kuambukiza.)

Kabla hujaliweka gazeti hili, nenda ukalete kijitabu cha mtoto wako. Hesabu miezi yake leo, kwa vidole ukitaka, kisha utazame mstari wa uzani. Ikiwa mstari umelala au unashuka, kesho asubuhi ianzie zahanati.